Kulea Maltese Nairobi: mbwa wa kilo tatu ndani ya flati

Siku hizi Nairobi kila mtu anataka mbwa mdogo mweupe wa kukaa naye kwa nyumba, na anayeulizwa sana ni Maltese, kwa hivo wacha niandike yote mahali pamoja, kutoka siku hujamnunua hadi akizeeka. Kitu cha kushika kabla ya kingine chochote ni uzito. Huyu mbwa akimaliza kukua ana kilo 3 hadi 4, basi, hivo ndivo kipimo cha FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, kinasema, na dume anafika sentimita 21 hadi 25 begani, jike 20 hadi 23. Hizo kilo tatu ndizo zinaamua kila kitu: dawa ya minyoo, chakula, baridi ya Julai, hata kuruka kutoka kwa sofa. Kosa lenye German Shepherd wa kilo 35 hata hatalisikia linaweza kuua Maltese kabla jioni ifike.

Hatua ya kwanza: angalia maisha yako kabla uangalie mbwa

Hapa kwetu wengi tumezoea mbwa wa kulinda, mchana anafungiwa kwa kibanda, usiku anafunguliwa azunguke kampaundi, anatupiwa ugali na mabaki na maisha yanaendelea. Maltese si wa hio kazi. Asili yake ni miji ya bandari ya Bahari ya Mediterania ambako mbwa wa aina yake walikuwa wanakamata panya kwa maghala na ndani ya meli, alafu wakaingia kwa nyumba za watu wenye pesa na wakabaki huko karne nyingi wakilala karibu na binadamu. FCI imemuweka kundi la 9, la mbwa wa kukaa na watu, na ukimuishi naye wiki moja utaelewa, juu ukienda jikoni ako nyuma yako, ukienda choo anangoja mlangoni.

Tabia yake ni tamu kusema ukweli. Ni mchangamfu, mjanja, anashika mafunzo haraka ukimpa vipande vidogo vya nyama na sauti ya upole, na ukimpigia kelele anajikunja na siku nzima imeharibika. Hana woga, na hapo uwe makini, kwa sababu atamfuata mbwa wa jirani mwenye ukubwa mara kumi yake akidhani watalingana. Anabweka pia, askari akigonga geti, mtu akipita kwa korido, rider wa chakula akipiga simu pale nje, yeye ndio wa kwanza kutangaza. Kwa flati hio ni maneno, kwa hivo ongea na landlodi kabla, upate ruhusa kwa maandishi hata kama ni meseji tu, na uulize kaunti kuhusu leseni ya mbwa kwa sababu Nairobi inahitajika.

Sasa, kama unatoka Kitengela saa kumi na moja asubuhi ukimbize jam na unarudi saa mbili usiku, na kwa nyumba hakuna mtu mwingine, tafadhali usimchukue huyu mbwa. Atalia, atatafuna mlango, wengine wanajilamba miguu hadi ngozi inatoka. Kama kuna mtu anashinda nyumbani, nyanya, dada wa kazi, mtu anafanyia kazi kwa laptopu, hapo sawa. Na kama uko na mtoto wa chini ya miaka mitano hivi ngoja kidogo, si kwa sababu mbwa ni mbaya, ni kwa sababu mtoto wa huo umri akimbeba akamuangusha kwa taili mguu umevunjika.

Pia hesabu miaka. Maltese anaishi miaka 12 hadi 15. Ukimnunulia mtoto wa Gredi 1, huyo mtoto anaweza kuwa chuo kikuu na mbwa bado ako.

Kumtafuta bila kuibiwa

Usitume dipoziti kwa mtu hujawahi kumuona kwa sababu ya picha. Picha za Maltese wamejaa mtandaoni, mtu anachukua moja anaandika bei ya chini, unatuma M-Pesa, simu inazimwa. Nenda mahali mbwa amezaliwa, uone mama yake, uone wenzake, uone kama pananuka mkojo ama ni safi. Mwenye mbwa akisisitiza mkutane petroli stesheni, hapo kuna kitu anaficha. Chama cha East Africa Kennel Club kinasajili mbwa wa asili kamili, yaani wasiochanganywa, kwa hivo mtu akikwambia ni asili kamili muulize karatasi.

Wengi wanauziwa chotara wa Japanese Spitz wakiambiwa ni Maltese. Angalia masikio: Spitz yake imesimama, ya Maltese inaning'inia kando ya kichwa na imejaa nywele. Nywele za Maltese ni nyororo, zinalala chini, na hakuna sufi nyingine chini yake. Macho meusi, pua nyeusi. Chotara si mbwa mbaya, anaweza kuwa mzuri na mwenye afya kabisa, shida ni kuuziwa kwa bei ya kitu kingine. Na yule anakuambia ako na wale wadogo zaidi wanaotoshea kwa kikombe, achana naye, hakuna shirika lolote la mbwa linatambua saizi kama hio, hao ni watoto waliozaliwa wadogo kupita kiasi na magonjwa yanawafuata.

Umri: asiwe chini ya wiki 8, na kwa mbwa mdogo hivi mimi ningengoja hadi wiki 10 au 12. Muuzaji akikupa mtoto wa wiki tano ati ameshaanza kula, kataa.

Wiki ya kwanza nyumbani: sukari ndio hatari

Hii wengi hawaambiwi. Mtoto wa Maltese hana akiba mwilini, akikaa masaa mengi bila kula sukari kwa damu inashuka ghafla. Utaona analegea, anatetemeka, anatembea kama amelewa, na akiachwa anapata kifafa na anaweza kufa. Kwa hivo mpe chakula mara nne kwa siku, kidogo kidogo, ya mwisho ikiwa usiku kabla mlale, na asubuhi usichelewe. Weka asali au glukosi ya duka pale kwa kabati. Ukiona hizo dalili mpake kidogo kwa ufizi na kidole, usimmiminie mdomoni juu itaingia kwa mapafu, mfunike apate joto, alafu moja kwa moja kwa daktari hata kama ameamka, kwa sababu inaweza kurudi.

Chakula alichokuwa anakula kule alikotoka endelea nacho hio wiki, ukibadilisha badilisha polepole kwa siku saba hivi, uchanganye. Kumfunza choo anza siku ya kwanza: akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, mpeleke kwa gazeti pale balkoni na umsifu akifanya. Kibofu chake ni kidogo sana, kwa hivo kila saa moja au mbili mtoto atahitaji. Kumsugua pua kwa mkojo hakumfunzi chochote, anajifunza tu kujificha nyuma ya sofa akifanya.

Na kutoka hio wiki mzoeshe kuachwa. Toka dakika tano, rudi bila drama, kesho kumi, hivo hivo.

Chanjo na minyoo

Chanjo ya magonjwa ya mbwa, ile yenye parvo (virusi vya kuharisha na kutapika) na distempa (virusi vya mapafu na ubongo), inaanza wiki ya 6 hadi 8 na inarudiwa kila wiki tatu au nne hadi afike wiki 16. Moja haitoshi, na "alidungwa tayari" bila kadi yenye stika na sahihi ya daktari ni hadithi. Ya kichaa cha mbwa ni akifika miezi mitatu, alafu kila mwaka. Hii usiiruke ati mbwa haendi nje. Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kumaliza kichaa cha mbwa kwa binadamu ifikapo 2030, na karibu visa vyote vya binadamu vinatoka kwa kuumwa na mbwa. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, alafu hospitali siku hio hio.

Kabla chanjo ziishe usimshukishe chini kwa kampaundi. Parvo inakaa kwa mchanga miezi mingi, hata mwaka, na mbwa koko hupita hapo kila siku. Kama kuna mbwa aliwahi kufa na parvo kwa hio nyumba, osha sakafu kwanza, alafu pitisha jiki, kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, uache dakika kumi, usuuze na ukaushe kabla arudi hapo.

Dawa ya minyoo inapimwa kwa uzito wa mwili, kwa hivo mpime kwanza. Watoto kila wiki mbili hadi wiki 12, baadaye kila mwezi hadi miezi sita, alafu kila miezi mitatu. Daktari hakikisha amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, ni haki yako kuuliza leseni yake. Pale Kabete, kwa kampasi ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kuna kliniki ya wanyama wadogo.

Kupe, hapa kaa chini usome pole pole

Kama kuna kitu kinamaliza mbwa wadogo hapa mjini ni homa ya kupe. Watu wanadhani mbwa wa flati hawezi pata kupe, lakini yule kupe wa kahawia wa mbwa anapenda ndani ya nyumba, anapanda ukuta, anajificha kwa nyufa na nyuma ya mapazia, na jike mmoja anataga mayai maelfu. Mbwa wa jirani anapita kwa ngazi, anaacha mmoja, mwezi ujao ni wako. Ama umempeleka msitu wa Karura kutembea, na ni kuzuri sana, mbwa wanaruhusiwa mradi ako kwa kamba, lakini nyasi iko na kupe. Ukifika nyumbani mpitishe vidole mwili wote, ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu, kwapani, chini ya mkia. Kwa nywele ndefu kupe mdogo hutamuona, utamgusa.

Ukimpata, mshike na kibano karibu kabisa na ngozi, mvute pole pole moja kwa moja. Usimchome na kiberiti, usimpake parafini.

Dalili za homa ya kupe: anaacha kula, analala tu, mwili moto kupita nyuzi 39.2, ufizi unakuwa mweupe badala ya waridi, mkojo unakuwa rangi ya chai nzito, wengine wanatoka damu puani. Ukiona mkojo wa rangi hio usingoje kesho. Inatibika, daktari anapima damu na anajua ni vijidudu gani, lakini mbwa wa kilo tatu hana damu ya kupoteza.

Sasa kinga. Kuna vidonge vya kutafuna, kuna matone ya kuweka kwa shingo, zote zimegawanywa kwa uzito. Nunua ya uzito wake. Usikate nusu kidonge cha mbwa mkubwa ili uokoe pesa, dawa haiko sawa kila upande na hujui amepata kiasi gani. Na nakuomba sana, usimuogeshe na dawa ya ng'ombe kutoka agroveti. Najua watu wanafanya, wanaweka kifuniko kimoja kwa beseni wanasema mbwa wa shosho ushago anaoshwa nayo na ako sawa. Mbwa wa ushago ana kilo ishirini na ngozi ngumu. Huyu atajilamba, atetemeke, apoteze nguvu, na wakati unatafuta teksi ashaenda.

Chakula, na vitu vya kumficha

Maltese mkubwa wa kilo tatu anahitaji kama kalori 220 hadi 250 kwa siku nzima, inategemea anavyocheza. Chapati moja ya kibandani inaweza kuzimaliza peke yake. Kwa hivo mgeni akimrushia kipande, na dada akampa kingine, na watoto wakampa smoki, hapo amekula ya siku mbili na mafuta juu, na mafuta mengi kwa huyu mbwa yanachoma kongosho, anatapika na kujikunja tumbo. Ongea na kila mtu kwa nyumba, wageni pia.

Rahisi ni chakula kikavu cha mbwa wadogo, punje ndogo, mara mbili kwa siku akishakuwa mkubwa. Ukitaka kumpikia, ugali na omena kila siku haitoshi, inakosa vitu vingi, uliza daktari akupangie. Kuku aliyechemshwa bila ngozi na bila chumvi, wali, karoti, maini kidogo, ni vizuri kuongezea. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka kama sindano. Maji mpe yale nyinyi mnakunywa, maji ya bohoo sehemu nyingi za Nairobi yako na floraidi nyingi.

Sumu za jikoni: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, kitunguu na kitunguu saumu, pombe, chingamu na peremende zisizo na sukari juu ya ile zailitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari. Na makadamia, hii tunaisahau na tunailima wenyewe, wageni wanaleta pakiti kutoka Murang'a inaachwa kwa meza, mbwa akila chache miguu ya nyuma inalegea. Panadol na bruffen usimpe hata robo. Dawa ya panya ile inauzwa barabarani kwa pakiti ndogo usiweke kwa nyumba yenye huyu mbwa, na uulize msimamizi wa ploti anaiweka wapi, kwa sababu hata panya aliyeila ni sumu.

Nywele

Ukitaka zile ndefu za kufagia sakafu kama za maonyesho lazima umchane kila siku, hadi kwa ngozi, si juu juu. Kama huna hio nafasi kata fupi sentimita mbili tatu mwili wote, atapendeza na hatateseka. Mimi naona kwa watu wengi wa hapa fupi ndio jibu, vumbi la Januari na matope ya Aprili hayaoneani huruma na nyeupe.

Kuoga kila wiki mbili au tatu kunatosha. Mchane kabla ya maji, kwa sababu fundo likilowa linakaza na kuvuta ngozi. Maji ya uvuguvugu, shampuu ya mbwa, suuza hadi maji yatoke safi, kausha na tauli alafu draya kwa moto wa chini hadi akauke kabisa. Nywele zake ni nyororo hivo bila sufi ya chini, na Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 11 hivi, akilala amelowa anaugua. Miezi hio sweta ya mbwa ni hitaji.

Macho yanatoa machozi yanayoacha alama ya kahawia. Pangusa kila asubuhi na pamba na maji yaliyochemka yakapoa. Yakizidi ghafla, ama jicho moja tu, ama anafumba, hio ni daktari. Kucha kila wiki tatu nne, ukisikia zinagonga taili akitembea zimepita.

Magoti, koo, meno, na yaliyo ndani

Goti la nyuma ndio shida yao kubwa. Kile kifupa cha juu ya goti kinateleza kutoka kwa mfereji wake, utaona anatembea, ghafla anainua mguu anarukaruka hatua mbili tatu alafu anaendelea kama hakuna kitu. Daktari akipime mapema. Weka kapeti pale anapopita sana, weka kastuli au mto wa kushukia sofa, na usimwache anenepe, kilo moja zaidi kwake ni theluthi ya mwili.

Kamba usifunge kwa shingo. Bomba lake la hewa ni laini, linabanwa anakohoa kama bata. Tumia mshipi wa kifua.

Meno yanaoza mapema kwa sababu mdomo ni mdogo na yamesongamana. Mswaki kila siku na dawa ya meno ya mbwa, ile yetu hapana. Akifika miezi sita saba angalia kama meno ya utoto yameanguka, mara nyingi chonge za zamani zinabaki kando ya mpya, na daktari anaweza kuzing'oa siku ile anamfunga uzazi, nusukaputi moja kazi mbili.

Kuna pia watoto wanaozaliwa na mshipa unaopitisha damu kando ya ini badala ya ndani yake, sumu haisafishwi. Huyo hakui kama wenzake, na baada ya kula anazubaa, anazunguka, anasukuma kichwa kwa ukuta. Muombe daktari apime damu ya ini. Na kijana wa mwaka mmoja au miwili akianza kutetemeka mwili wote siku nzima si lazima iwe baridi wala woga, kuna ugonjwa wa kutetemeka wa mbwa wadogo weupe na unatibika vizuri.

Akizeeka, na siku ya dharura

Kutoka miaka minane mpeleke kukaguliwa mara mbili kwa mwaka, hasa moyo. Vali inaanza kuvuja, daktari anasikia kwa kipimo kabla wewe uone chochote. Wewe hesabu pumzi akiwa amelala, zikipita 30 kwa dakika mara kwa mara mpigie. Usiku wa Diwali na mwaka mpya fataki zikianza Parklands na kwingine, funga madirisha, washa redio, kaa naye.

Namba ya daktari iwe kwa simu yako na kwa simu ya dada, na namba ya kliniki moja inayofungua usiku, uulize mapema ni gani iko karibu na wewe. Kikapu cha kumbebea kiwe wazi kwa nyumba siku zote na blanketi ndani, alale humo akipenda, ili siku ya kukimbia aingie bila vita na dereva wa teksi akubali kumbeba. Chukua kadi ya chanjo, andika uzito wake wa mwisho nyuma yake, na kama amekula kitu beba pakiti ama kilichobaki, daktari akisoma jina la hio dawa hapotezi muda akikisia.